Jina Nililolifuta kwenye Nota

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili saa nane mchana nimeitwa kwenye kikao cha viongozi wa kwaya hapa Kasulu, nitawekewa karatasi mbele yangu niisaini, na karatasi hiyo ni ya uongo, na anayetaka niisaini ni mtu aliyenifundisha muziki tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu, tena ndiye baba wa mchumba wangu, na harusi yetu imebaki miezi miwili.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tisa, nimezaliwa hapahapa, wazazi wangu walivushwa kutoka Burundi wakiwa wamebebwa mgongoni na sasa ni raia, nina kiduka cha kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi, lakini kinachonijulisha kwa watu ni nota. Mwalimu wa kwaya akisikia wimbo unaovuma, uwe wa redioni au wa kutumiana kwenye simu, na akautaka kwa waimbaji wake, ananiletea, mimi navaa hedifoni, naupunguza mwendo, nausikiliza kipande kwa kipande, naandika sauti ya kwanza kwenye kompyuta, kisha ya pili, ya tatu na besi, halafu naiamuru programu inipigie nisikie nilipokosea, na nikiridhika natoa kopi. Wimbo mmoja unaweza kunila siku tatu. Wateja wananijia mpaka kutoka Kibondo na Gwarama, na kila anayenisifu namwambia aliyenifumbua macho ni Mwalimu Anaclet, mwalimu wa kwaya yetu, aliyenifundisha kusoma nota kwa chaki ubaoni wakati wengine walisema mtoto wa kike atafanyia nini mambo hayo.

Mwaka jana rafiki yangu Aline, anayeuza vitenge karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alinitumia rekodi ya wanawake wa Kongo wakiimba bila kinanda, mmoja anagonga dumu, na wimbo wenyewe Mshauri ulinifanya niache chai ipoe. Wanaita, "Josué, bado nakungoja njia panda," wanarudia na kurudia, na kila wakirudia sauti ya juu inapanda kidogo kama mtu anayesimama kwenye vidole aone mbali. Mwanzoni kabisa wa rekodi unasikika mwanamke anasema, "Mama Therese, leta ile yako," ndipo wimbo unaanza. Maneno hayo niliyasikia labda mara mia, kwa sababu kila nikirudisha mwanzo ni lazima yapite masikioni.

Nikauandika wimbo, nikauongezea sauti ya tatu na besi maana wale walikuwa wanawake peke yao, na pale juu kulia panapokaa jina la mtunzi nikaandika Therese, Nyarugusu. Mwalimu alikuja dukani kuukagua kama kawaida yake, nikaupiga, akasimama nyuma yangu mpaka ukaisha, akasema, "Rudia." Nikarudia. Halafu akainama kwenye kioo.

"Therese ndiye nani?"

"Simjui, Mwalimu, nimesikia anatajwa mwanzoni."

"Humjui na unamwandika? Nyimbo za kambini ni za watu wote, hazina mwenyewe. Futa hapo."

Nikafuta.

"Andika jina langu, mtu akiuliza ajue pa kuuliza. Na huyo Josué kanisani ataeleweka vipi? Weka Mwokozi."

Nikaweka Mwokozi, silabi tatu mahali pa silabi tatu, hakuna nota hata moja iliyosogea, na moyo wangu ulisogea kidogo tu, sitakudanganya, nilijiambia ni kopi ishirini za kwaya yetu na mambo yataishia hapo.

Hayakuishia hapo. Ndani ya miezi michache wimbo ulikuwa umeimbwa harusini Titye, umeimbwa msibani Nyakitonto, watu wakaupiga picha na kutumiana kwenye makundi ya simu, ukapigwa redioni, na Mwalimu, ambaye miaka yote hii alikuwa amesahaulika, akaanza kusimamishwa njiani kupewa mkono, akanunua koti jipya, akawa anatembea amenyooka. Elie, mwanawe, ndiye mchumba wangu, anafundisha sekondari, ni mtu mpole, na posa ililetwa wakati huohuo wa furaha, nikashindwa kujua niseme nini na niseme kwa nani.

Majuma mawili yaliyopita kulikuwa na tamasha la kwaya Kibondo na korali moja, yaani kwaya ya huko kambini, ilipewa kibali cha kutoka, wakaja watu kumi na sita na sare za kitenge cha bluu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kinanda, kwaya yetu ilikuwa imeshaimba. Wakasimama wakaimba wimbo uleule, polepole kuliko sisi, na wakaita Josué. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Walipomaliza, mzee Havyarimana, mkuu wa waamuzi, akainua karatasi ya nota, ile niliyoichapa mimi, akasema kwenye kipaza sauti kwamba wimbo huu una mwenyewe, jina lake ni hili hapa, na mwenyewe yumo humu ndani, basi wageni wetu waimbe vya kwao wasichukue vya wenzao.

Akajitokeza mwanamke mfupi, wa makamo ya mama yangu, akasema, "Papa, ile wimbo ni yangu, nilitungaka mimi. Josué ni mutoto wangu, tulipotezana naye njia panda siku tulikimbia vita. Naimbaka ile wimbo kila mahali watu wako wengi, labda kuna mutu anamujua."

"Una nota zake?"

"Sijue nota, papa. Iko mu kichwa."

Watu wakacheka, Mshauri. Kuna aliyesema kwa sauti, wakimbizi kwa kupenda vya bure, na mimi mtoto wa watu walioitwa hivyohivyo nilikuwa nimekaa kwenye kinanda, mikono mapajani, simu yenye ile rekodi imo mfukoni mwangu. Mwalimu alikuwa kiti cha mbele anaangalia viatu vyake. Wakaondolewa kwenye mashindano, wakaambiwa waandike barua ya kuomba radhi kwa Mwalimu. Wamekataa, na badala yake wameandika ya kulalamika, ndiyo sababu ya kikao cha Jumapili. Karatasi ninayotakiwa kuisaini inasema niliandika nota hizo nikimsikiliza Mwalimu akiuimba wimbo wake mwenyewe dukani kwangu. Nikisaini, korali ile haitaalikwa popote tena, na taarifa itapelekwa huko wanakoombea vibali kwamba wanapotoka wanaleta fujo.

Juzi Elie alikuja dukani, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Ile rekodi bado unayo?"

"Ninayo. Na nota za kwanza ninazo, zenye jina la yule mama."

"Futa. Ni kubonyeza mara moja tu."

"Elie, unajua wimbo ni wa nani?"

"Najua baba ana presha. Wakimwaibisha mbele ya watu tutamzika. Unataka kuingia nyumbani kwetu ukiwa umemzika baba?"

Jana akaja Mwalimu mwenyewe. Hakugomba. Aliweka karatasi juu ya kompyuta, akasema, "Sijawahi kukuomba kitu," akatoka. Ni kweli hajawahi. Mama yangu ameona silali wala sili, ananiuliza kwa Kirundi chetu, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "una nini?" nami nasema ni malaria. Nimfanyeje Mwalimu, nimwambie nini Elie, nitaiokoaje harusi yangu bila kusaini ile karatasi? Naogopa Jumapili kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Mimi mwandika nota, Kasulu.

*

Mama Rosa anajibu:

Binti yangu, pole. Nakujibu kwa simu leo hii kwa sababu ningesubiri gazeti litoke, lingekukuta umeshasaini.

Usisaini. Hilo nimeliweka mbele ili hata ukiishia kusoma hapa uwe umelipata. Na usifute kitu. Kabla hujamaliza kusoma ujumbe huu, tuma ile rekodi na zile nota za kwanza kwa Aline na kwa mtu mwingine mmoja unayemwamini, maana nakuona ulivyo: ulifuta mara ya kwanza kwa kuambiwa neno moja tu, na anayekuambia sasa unampenda zaidi.

Sasa nikugombeze. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenieleza presha ya Mwalimu, koti la Mwalimu, upole wa Elie, harusi, posa, usingizi wako. Yule mama aliyechekwa ukumbini hujaniambia hata kama alifika salama kambini. Maswali yako yote mwishoni ni matatu na hakuna hata moja linalomhusu. Unasema waliochekwa ni watu kama wazazi wako. Ulipokuwa umekaa kwenye kile kinanda ulikuwa upande wa nani? Na usiniambie ulikuwa mtoto mbele ya mwalimu wake. Una miaka ishirini na tisa, una duka, una kazi ambayo watu wanaifuata kutoka Kibondo. Karatasi yako ndiyo iliyoinuliwa mbele ya watu kama ushahidi. Watu waliiamini kwa kuwa imechapwa vizuri na wewe unajulikana huwa hukosei.

Tena kuna jambo ambalo nadhani umelielewa ila unaogopa kulitazama. Wimbo ule ulikuwa tangazo la mama anayemtafuta mtoto. Mwaka mzima umeimbwa harusini, misibani, redioni, wilaya kwa wilaya, na jina la mtoto halimo. Wewe ndiye uliyeliondoa. Sisemi hivi nikuumize. Nasema ujue unarudisha nini utakaposimama Jumapili, usije ukafikiri ni ugomvi wa sifa baina ya watunzi wawili.

Kuhusu Mwalimu, usimvizie. Nenda kwake Ijumaa, mchana, na uende na mama yako. Ndiyo, mama yako, mwambie leo kwamba si malaria. Mzazi anayeweza kukusikiliza unaye na unamlisha uongo. Mwambie Mwalimu ana kwa ana kwamba hutasaini, kwamba Jumapili utasema ukweli, na kwamba ungependa auseme yeye kwanza. Mpe nafasi hiyo kwa heshima zote, maana alikutendea mema na wema ule haujafutika. Lakini nafasi ni moja na mwisho wake ni Jumapili saa nane. Akikataa, utasema wewe. Presha yake itibiwe hospitali, isitibiwe kwa jina la mtoto wa mtu.

Elie mwambie hivyohivyo, kwa maneno machache. Usimbembeleze. Amekuuliza kama unataka kuingia nyumbani kwao ukiwa umemzika baba yake. Hilo ni neno la mtu aliyeogopa, na mtu akiogopa husema mabaya, kwa hiyo simhukumu. Ila mtazame atakavyokuwa baada ya Jumapili. Mwanamume atakayekuacha kwa sababu ulikataa kudanganya, ni heri akuache sasa kabla hamjakaa nyumba moja. Utalia. Lia, kisha fungua duka.

Kikaoni anza na kosa lako. Usianze na Mwalimu. Sema, "Mimi ndiye niliyeandika, mimi ndiye niliyefuta," halafu wasikilizishe rekodi tangu pale mwanzo. Ukishamaliza, kaa chini, usibishane na mtu.

Halafu umtafute Therese. Usiende kumlilia akubembeleze wewe. Nenda na kompyuta yako, na umuulize wimbo wake unaimbwaje.

*

Baada ya wiki tatu mwandika nota alinitumia ujumbe mwingine, na ameniruhusu niuchape pamoja na hayo ya juu. — Mama Rosa

Mama Rosa, nilikwenda Ijumaa na mama. Mwalimu alitupokea vizuri, akatuletea viti mwenyewe, na nilipomaliza kusema akasugua magoti. Halafu akasema, "Miaka kumi na moja sijatunga kitu. Ulipoupiga ule wimbo nilitamani uwe wangu, nikatamani mpaka nikaanza kukumbuka nilivyoutunga." Mkewe akaanza kulia. Nilimwomba aje Jumapili aseme hayohayo. Akasema, "Tutaona." Elie alikuwa amesimama mlangoni, akatoka bila kuaga, na mama yangu aliinuka akamwambia Mwalimu, "Nitakuombea," tukaondoka.

Jumapili hakuja. Kiti chake kilibaki wazi, ikaletwa barua fupi kwamba anaacha kufundisha kwaya kwa sababu za afya, basi. Kwa hiyo nilisema mimi. Nilianza na kosa langu, kisha nikawasikilizisha rekodi. Walipoisikia ile sauti, "Mama Therese, leta ile yako," mzee Havyarimana akaomba irudiwe, ikarudiwa, akavua miwani. Wapo walionifokea, mmoja aliuliza mwaka mzima nilikuwa wapi, nikasema swali hilo ni la haki. Mzee Havyarimana ameandika kwa mkono wake barua ya kuomba radhi kwa korali ile, na zamu hii hakuna aliyecheka.

Harusi haipo. Elie hakugombana nami, alinitumia ujumbe mmoja kwamba hawezi kunitazama na kumtazama baba yake nyumba moja. Nimelia kama ulivyosema, na duka nimefungua. Kuna kwaya mbili zilizoacha kuniletea kazi. Mwalimu sijamwona kanisani, ila juzi mkewe alipita dukani akachukua kopi ya wimbo yenye jina la Mama Therese, akasema ametumwa.

Wiki iliyopita nilipata kibali nikaingia Nyarugusu na Aline. Mama Therese alikuwa nje anapembua maharage na wenzake wa korali. Nilimwambia mimi ndiye niliyelifuta jina la mtoto wake. Aliacha kupembua. Akanitazama sana, akauliza, "Uko na miaka ngapi?" nikamwambia, akasema, "Josué naye iko na umuri kama wako," kisha akasogea kunipisha nafasi kwenye mkeka. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza.

Nikafungua kompyuta nikampigia nota zilizorekebishwa, Josué mahali pake, jina lake yeye juu kulia. Wanawake walisikiliza wakitikisa vichwa, na mmoja akaanza kufuatisha. Katikati Mama Therese akainua mkono.

"Hapa umekosa, mwanangu."

"Wapi, mama?"

"Nikiisha kuita Josué, nanyamazaka. Wewe unapita mbio."

Mama Rosa, ule ukimya niliusikia kwenye rekodi tangu siku ya kwanza. Nilidhani wamesahau maneno, nikaukata ili mapigo yakae sawa. Nikamuuliza anyamaze mapigo mangapi niyaandike.

"Sijue mapigo," akasema. "Nanyamazaka vile mutu ananyamaza akiita, akingojea bamuitikie."

Nikaweka pale alama ya kunyamaza, na juu yake ile alama inayomwachia mwimbaji akae muda anaoutaka mwenyewe. Nikaupiga tena tangu mwanzo. Zikapita zile nota tatu za jina, kompyuta ikanyamaza, na wanawake wote pale mkekani wakanyamaza nayo, wakiangalia njia.